Mada ya 11: Kumtunza Nyumbani Mgonjwa Aliye Katika Siku Zake za Mwisho

Kama uko jikoni, shambani au umeketi na mgonjwa wako kando ya kitanda, ongeza sauti ya redio kidogo tuzungumze.

Leo tunagusia jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Tutazungumza juu ya mgonjwa ambaye madaktari wamesema ugonjwa wake hautapona. Huenda ni saratani ya koo la chakula au ya mlango wa kizazi. Huenda ni figo zilizokataa kufanya kazi, moyo uliochoka, au mzee aliyepata kiharusi mara ya pili na ya tatu. Familia inaambiwa, "Mpelekeni nyumbani." Wengi husikia maneno hayo kama kwamba wameambiwa, "Hakuna la kufanya tena."

Mama, hilo si kweli. Ugonjwa unaweza kukosa tiba, lakini mgonjwa hakosi huduma. Maumivu yanaweza kupunguzwa. Mdomo uliokauka unaweza kulainishwa. Vidonda vya mgongoni vinaweza kuzuiwa. Hofu inaweza kutulizwa. Huduma hii ina jina lake. Wengine huiita huduma shufaa, wengine tiba shufaa, na vituo vinavyoitoa huitwa hospisi. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka wa 1990, na tangu hapo hospisi nyingine zimefunguliwa katika miji kama Mombasa, Nyeri, Meru, Kisumu na Eldoret. Hospitali kadhaa za kaunti nazo zina kitengo cha huduma hii. Mgonjwa wako akiruhusiwa kwenda nyumbani, usiondoke kabla ya kuuliza: "Ni nani atakayetusaidia na maumivu tukiwa nyumbani? Nambari yake ya simu ni gani?"

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Si kila mgonjwa aliyedhoofika anakaribia kufa. Mtu mwenye virusi vya Ukimwi au kifua kikuu anaweza kudhoofika sana, kisha apate dawa na arudi shambani. Kwa hivyo usijiamulie mwenyewe. Hakikisha mgonjwa amepimwa na daktari au klinikali ofisa, na umeelezwa waziwazi hali yake.

MAUMIVU

Tuanze na maumivu, kwa sababu mgonjwa mwenye maumivu halali, hali, hasali, wala hawezi kuzungumza na watoto wake.

Dawa za maumivu hutolewa kwa ngazi. Maumivu madogo hutulizwa kwa dawa kama paracetamol. Yakizidi, daktari huongeza dawa kama codeine. Yakiwa makali, hutolewa morphine, ambayo mara nyingi huwa ni dawa ya maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi hizi mwaka wa 1986, na umesaidia wagonjwa wengi.

Wengi huogopa morphine. Husema, "Hiyo ni dawa ya kufa." Ukweli ni kwamba morphine ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari haimharakishi mgonjwa kufa. Inampunguzia maumivu ili siku alizobakisha aziishi kama binadamu. Wala usiogope kwamba atakuwa mlevi wa dawa. Mgonjwa anayepewa kwa ajili ya maumivu, chini ya uangalizi, si sawa na mtu anayetafuta starehe.

Yashike mambo haya:

1. Mpe dawa kwa saa, usingoje alie. Morphine ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4. Ukingoja maumivu yarudi, utakuwa unakimbiza moto ambao tayari umeshika nyasi. Daktari atakueleza pia kipimo cha kumpa usiku anapolala.

2. Pima kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, au kwa chombo ulichopewa hospitalini. Usitumie kijiko chochote tu cha nyumbani.

3. Ukisahau kipimo, usimpe viwili kwa pamoja ili kufidia.

4. Morphine hufunga choo. Uliza dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na uendelee nayo siku zote anapotumia morphine.

5. Siku mbili tatu za kwanza anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu. Mara nyingi hali hiyo hupungua. Lakini ikiwa ameanzishiwa dawa au kipimo kimeongezwa juzi, kisha akalala usingizi mzito asiweze kuamka na pumzi zikawa chache sana, usimpe kipimo kinachofuata kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

6. Fungia dawa mbali na watoto. Usimgawie mtu mwingine, hata akisema mgongo unamuuma. Zikibaki, zirudishe hospitalini.

Asipoweza kusema, mtazame uso. Akikunja paji la uso, akiguna unapomgeuza, au akishika mahali pamoja kila mara, hapo ana maumivu. Mwambie mhudumu wa afya.

NGOZI NA KULALA

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mahali mfupa unapokandamiza godoro. Mahali hapo ni kisogo, mabega, viwiko, mwisho wa uti wa mgongo, nyonga na visigino. Kidonda huanza kama wekundu au weusi usiotoweka ukibonyeza. Ukikiona mapema, unaweza kukizuia.

Mgeuze kila baada ya saa 2 mchana, na usiku kadiri mnavyoweza kupokezana. Usimburute, kwani kumburuta huchuna ngozi. Kunja shuka au leso mara mbili, ilaze chini ya mgongo wake hadi mapajani, kisha watu wawili washike kila upande na kumwinua kidogo wakimgeuza. Weka mto au nguo zilizokunjwa katikati ya magoti, na kingine chini ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro.

Muoshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu, umkaushe vizuri hasa makwapani, chini ya matiti na kwenye kinena, kisha umpake mafuta. Usisugue kwa nguvu mahali palipogeuka rangi. Tandika karatasi ya nailoni chini ya shuka ili godoro lisilowe, na umbadilishe mara tu anapojisaidia. Funga mlango au mwekee pazia unapomuosha. Mtu hapotezi haya zake kwa sababu amekuwa mgonjwa, na mama mzee huumia sana moyoni akifunuliwa mbele ya wajukuu.

Nawe jikinge. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumhudumia. Ukigusa damu, usaha, mkojo au choo, vaa glavu. Ukizikosa, funika mkono kwa mfuko wa plastiki usiotoboka, kama ule wa mkate. Nguo zilizochafuka zifue kando, uzianike juani.

MDOMO

Wagonjwa wengi mahututi huacha kunywa na kupumulia mdomoni, na mdomo hukauka hadi kupasuka. Chemsha maji, yaache yapoe, tia chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Funga kitambaa laini safi kidoleni, chovya, kamua, kisha ufute ufizi, ulimi na ndani ya mashavu. Fanya hivyo kila baada ya saa chache. Mpake midomo vaselini. Ukiona utando mweupe ulimini usiotoka, mwambie muuguzi, maana una dawa.

CHAKULA: JAMBO LINALOGOMBANISHA FAMILIA

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ni nzuri kwa mtu mwenye malaria anayetarajiwa kupona. Lakini kwa mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, nawaomba mumuulize.

Mwili unapokaribia kufunga kazi zake, hauhitaji chakula kama zamani. Tumbo husaga polepole, na njaa hupotea. Mgonjwa hafi kwa sababu ameacha kula, bali ameacha kula kwa sababu anakufa. Ukimlazimisha, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa, akakabwa au akapata nimonia. Mpe anachotaka kwa kiasi anachotaka. Inaweza kuwa vijiko viwili vya uji, maziwa lala kidogo, papai lililopondwa, au maji ya kulowesha ulimi tu. Mwinue kichwa na kifua anapomeza. Akigeuza uso, mwache.

Na dripu je? Hapa ndipo ndugu hukosana. Katika kijiji kimoja ninachohudumu kulikuwa na bibi mwenye zaidi ya miaka 70, aliyekuwa na saratani ya koo la chakula. Mke wa mwanawe alikuwa amemtunza kwa miezi mitano. Wana wengine walipokuja kutoka mjini na kumkuta mama yao amekonda, walimgeukia yule mke wa ndugu yao. "Umemnyima mama chakula," walisema. Walitaka ng'ombe auzwe siku iyo hiyo, gari likodishwe, mama arudishwe hospitali awekewe dripu.

Niliitwa. Nilikaa na wote, nikawaeleza kwamba mwili uliochoka hivyo hauwezi kuyatumia maji mengi ya dripu. Maji hayo hujaa miguuni na kifuani, mgonjwa akavimba na kupumua kwa shida. Hayamrudishii nguvu. Kisha nikauliza kama kuna aliyemuuliza mama mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo.

Kifungua mimba wake akainama kando ya kitanda akamuuliza. Bibi akasema kwa sauti ndogo kwamba anataka kubaki kwake, asikie kuku wake asubuhi, na kwamba mkaza mwanawe asisumbuliwe kwa sababu amemuosha kuliko wote aliowazaa. Kimya kikaingia nyumbani mle. Jioni hiyo yule kifungua mimba aliomba kufundishwa jinsi ya kumgeuza mama. Bibi aliishi siku tisa zaidi, akiwa ametulia. Ng'ombe hakuuzwa. Maziwa yake ndiyo wajukuu wanayonywea chai hadi leo.

Sisemi kwamba kila mgonjwa abaki nyumbani. Wako wanaotaka hospitali, na kuna hali zinazohitaji hospitali. Maumivu yasiyotulia, kutapika kusikokoma, degedege, kutokwa damu nyingi au kuhangaika kupumua ni sababu za kupiga simu mara moja. Ninachosema ni kwamba muulizeni mwenyewe mapema, angali na nguvu ya kujibu.

KUSEMA UKWELI

Familia nyingi humficha mgonjwa. Lakini mgonjwa huujua mwili wake, na anapoona mnanong'ona nje ya mlango, hubaki peke yake na hofu yake. Huna haja ya kumwambia yote kwa mara moja. Anza kwa kuuliza: "Baba, wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu?" Kisha nyamaza umsikilize. Akiuliza, "Nitapona?" usimdanganye. Unaweza kusema, "Madaktari wanasema ni vigumu. Lakini hatutakuacha."

Ukweli humpa nafasi ya kupanga. Anaweza kueleza kitambulisho na hati ya shamba viko wapi, nani anadaiwa, nani atawalea watoto, na angependa azikwe wapi. Anaweza kuandika wosia. Anaweza kuomba na kutoa msamaha. Kama ana dini, mwite padre, mchungaji au imamu angali anasikia. Uliza familia desturi zao, usilete zako. Muislamu, kwa mfano, anaweza kutaka kulazwa akielekea kibla na kukumbushwa shahada kwa upole.

WATOTO

Mama, watoto wanaona kila kitu. Ukimwambia mtoto kwamba nyanya "amesafiri" atamngoja barabarani. Ukimwambia "amelala" ataogopa kulala. Tumia maneno mepesi na ya kweli: "Nyanya ni mgonjwa sana. Dawa hazimponyi tena. Atakufa. Si kosa lako." Hilo la mwisho lisikose, kwa maana watoto wengi hudhani waliponza kwa utundu wao. Waruhusu waingie kumsalimia na kumletea maji wakitaka. Wasipotaka, usiwalazimishe.

DALILI ZA MWISHO

Katika siku na saa za mwisho utaona mabadiliko. Nitayataja ili yasikutishe.

Mgonjwa hulala muda mwingi na ni vigumu kumwamsha. Huacha kula na kunywa. Mkojo hupungua na kuwa mzito. Mikono na miguu huwa baridi, na ngozi hubadilika rangi kwa mabaka. Anaweza kuchanganyikiwa, akaita watu waliokwisha kufa. Usibishane naye. Mwambie uko hapo, na umshike mkono.

Kupumua hubadilika. Atavuta pumzi haraka, kisha atulie kwa muda, kisha aanze tena. Huenda ukasikia mkoromo kooni. Sauti hiyo huwasumbua wanaosikiliza kuliko mgonjwa mwenyewe. Ni mate ambayo hana nguvu ya kumeza. Mlaze ubavu, umwinue kichwa kidogo. Usimtie maji mdomoni. Endelea kumfuta mdomo, kumgeuza taratibu na kumpa dawa ya maumivu kama ulivyoelekezwa. Asipoweza kumeza, mpigie muuguzi, kwani kuna njia nyingine ya kuitoa.

Na endelea kuzungumza naye. Utafiti uliotolewa nchini Kanada mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa waliokuwa katika saa za mwisho, na wasioitika, bado ulikuwa ukipokea sauti. Kwa hivyo msigombanie shamba juu ya kitanda chake. Mwambieni asante. Mwambieni watoto watatunzwa. Anaweza kuwa anasikia.

ANAPOFARIKI

Akikata roho, huna haja ya kukimbia. Ketini naye kidogo. Mfumbe macho, mnyooshe, muosheni kulingana na desturi au dini yenu, mkivaa glavu.

Kifo kilichotokea nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, ambaye hutoa kibali cha mazishi. Mpelekee kitambulisho cha marehemu. Kifo kisajiliwe kabla ya miezi 6 kuisha, kwa sababu bila cheti cha kifo, mjane na mayatima hupata taabu kufuatilia akaunti ya benki, pensheni na shamba. Na mjane ajue kwamba sheria ya urithi ya Kenya haimruhusu shemeji wala mtu yeyote kujitwalia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Akisumbuliwa, aanze kwa chifu au aende mahakamani.

WEWE MLEZI

Nimalizie kwako wewe unayeamka usiku. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukibeba mzigo huu peke yako, mgongo utauma, usingizi utapotea, hasira zitakuja, kisha utajilaumu kwa hizo hasira. Kuchoka si kukosa upendo.

Wagawie wengine kazi. Mmoja achote maji, mwingine afue, mwingine alale na mgonjwa Jumamosi. Jamaa walio mbali watume pesa za glavu, sabuni na nauli ya kwenda kuchukua dawa. Jirani akiuliza, "Nisaidie nini?" usiseme, "Usijali." Mpe jambo la kufanya. Mtafute mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako. Serikali iliwapa vifaa wahudumu wapatao 100,000 nchini kote mwaka wa 2023, na kutembelea nyumba yenye mgonjwa ni sehemu ya kazi yao. Pia hakikisha mgonjwa na familia mmejisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na uulize hospitalini ni huduma zipi zinazolipiwa.

Baada ya matanga, watu watarudi makwao na nyumba itakuwa kimya. Huzuni inaweza kukupiga wakati huo, hata baada ya miezi mingi. Lia. Zungumza. Ukiona huwezi kula, kulala wala kufanya kazi, au unatamani nawe ufe, nenda kituo cha afya, kwani huo ni ugonjwa kama mwingine na unatibika.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Mgonjwa asiyepona bado anahitaji huduma.
- Dawa ya maumivu hutolewa kwa saa, si kwa kilio.
- Mgeuze kila baada ya saa 2, na umfute mdomo mara kwa mara.
- Usimlazimishe kula. Muulize anachotaka.
- Zungumza naye hata akiwa hajibu.
- Waambie watoto ukweli.
- Omba msaada kabla hujaanguka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwenu nyumbani, ni nani huamua mgonjwa apelekwe hospitali au abaki nyumbani? Je, mgonjwa huulizwa?
2. Watu wa kijiji chenu husema nini kuhusu morphine? Mngewajibu vipi?
3. Kikundi chenu kinaweza kupangaje zamu za kumpumzisha mama anayetunza mgonjwa peke yake?

Kama una mgonjwa nyumbani leo, zima redio sasa, nenda umgeuze, umloweshe midomo, kisha uketi naye kidogo.